Bamba la shaba: mistari inafifia kabla ya nakala 20, burini nayo inateleza

Mchapaji_Mgeni
Wakuu, habari zenu. Bamba langu la kuchapia picha ni shaba nyekundu, unene milimita 1.2, sentimita 15 kwa 20. Limechorwa kwa sindano ya chuma moja kwa moja, bila tindikali. Nakala tano za mwanzo zina mistari laini kama mahameli. Kufika ya 15 kimebaki kijivu chembamba. Zinahitajika 50. Kupitia mistari ileile kwa burini ya mraba (chuma chenye ncha cha kuchongea mistari) kumeshindikana: mara inateleza na kukwaruza, mara inazama na kugoma. Tatizo ni sindano, mkono, au nihamie kwenye tindikali? Na majina pia, maana kila kitu kinaitwa "nakshi".

FundiBamba
Sindano haina kosa. Hiyo kazi yako ndiyo sindano kavu: haitoi shaba, inaisukuma kando, kama jembe: mfereji katikati, matuta pembeni. Wino mwingi unashikwa na matuta, na ule umahameli unatoka hapo. Kila bamba linapopita chini ya rola ya mashine ya kuchapia, matuta yanalala. Nakala nzuri ni 10 hadi 20, basi. Burini inakata na kutoa uzi mwembamba wa shaba; mfereji unabaki na umbo la V, kingo safi, na bamba linavumilia mamia ya nakala.

Kuteleza ni makali. Uso wa burini, ule uliokatwa mshazari, unanolewa kwa digrii 45. Ulaze wote juu ya kinoo chenye mafuta na usiuyumbishe, kwa sababu ukiyumba uso unakuwa mviringo na ncha inakufa. Zile pande mbili za chini zinazokutana kwenye ncha ziwe bapa kabisa. Jaribu kwenye ukucha wa kidole gumba: ikinata bila kusukumwa, iko tayari, ikiteleza, rudi kwenye kinoo. Au itazame chini ya taa. Ukiona nukta inang'aa penye ncha, hiyo ni butu. Ncha kali hairudishi mwanga.

Kugoma ni pembe ya mkono. Mpini ukae kiganjani, chuma kiwe karibu kulala juu ya bamba. Ukiinua mpini ncha inachimba, ukiushusha mno inatoka nje. Kwenye mkunjo zungusha bamba, mkono utulie. Mfuko wa ngozi uliojaa mchanga chini ya bamba ni wa kazi hiyo. Burini nayo huacha tuta dogo. Liondoe kwa kikwangulio cha pembe tatu, la sivyo mstari utachapa mchafu.

Mama_Wino
Nimalizie majina. Sindano kavu inaitwa kavu kwa kuwa haina tindikali. Kwa tindikali, bamba linapakwa ngozi, yaani utando wa nta ya nyuki, lami na rosini (utomvu mkavu wa msonobari). Sindano inafunua shaba tu, kula ni kazi ya tindikali. Ndiyo maana mstari wake uko huru kama wa penseli, wakati wa burini unanenepa na kukonda kwa nidhamu. Akwatinta ni ya vivuli: vumbi la rosini linanyunyizwa, linapashwa moto hadi ligande, kisha tindikali inakula katikati ya punje. Mezotinti inaanza na giza: bamba zima linaparuzwa kwa chuma chenye meno, halafu mwanga unatafutwa kwa kulainisha. Hiyo ilianzishwa na Ludwig von Siegen mwaka 1642.

Zote hizi wino unakaa ndani ya mfereji. Nakshi za milango ya Lamu na Unguja ni kinyume: usuli unaondolewa, ua linabaki juu. Tusizichanganye.

Wala hulazimiki kuchagua moja. Rembrandt, yule mchoraji Mholanzi, aliweka tindikali, sindano kavu na burini kwenye bamba lile moja la Kristo akiponya wagonjwa.

Tupa_na_Msasa
Kwa nakala 50 na mkono ambao haujaizoea burini, nenda tindikali. Tumia kloridi ya feri, ileile ya mafundi wa saketi. Kwa joto la kawaida la chumba anza na dakika 15 kwa mistari myembamba, izibe kwa vanishi, rudisha bamba kwa mistari minene hadi saa nzima. Jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni, maana dawa iliyochoka hula polepole. Lielekeze bamba chini, likiegemea vipande vya plastiki, kwa sababu mashapo yakijaa kwenye mifereji, kina kinasimama. Ukikuta vidoa vidogo mahali usipochora, ngozi ya nta ilikuwa nyembamba au bamba lilikuwa na mafuta. Lisafishe kwa chaki na amonia kidogo kabla ya kupaka. Maji yakitanda bila kujikusanya kuwa matone, liko safi.

Jirani_wa_Karakana
Zinki ni rahisi kuliko shaba. Dawa si hiyohiyo?

Tupa_na_Msasa
Hapana, ndugu. Zinki kwenye kloridi ya feri inachemka, inatoa joto na gesi, mistari inabomoka. Kwa zinki tumia mrututu (salfeti ya shaba) na chumvi ya mezani, gramu 75 kila kimoja kwa lita ya maji. Mchanganyiko huo si wa shaba. Tope jekundu litakalojikusanya ni shaba iliyotoka kwenye mrututu. Lipanguse kwa brashi laini.

Mama_Wino
Halafu yule mwenye swali hajataja kingo. Zipige tupa kwa digrii 45 pande zote nne, kisha msasa. Bamba la milimita 1.2 lenye kingo kali linakata karatasi na blanketi za mashine, vile vitambaa vinene vinavyokaa kati ya rola na karatasi. Na kama kuna maandishi, yachore kinyume.