Bear Lake hadi Emerald Lake wakati wa theluji: tunaoanza tunahitaji nini?

mgeni_wa_Aurora:
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa kwanza tunataka kwenda hifadhi ya Rocky Mountain hapa Colorado, tutembee kutoka Bear Lake mpaka Emerald Lake. Tuko watu wazima watatu na watoto wawili, miaka 9 na 12. Theluji tunayoijua ni ya kwenye maegesho tu. Gari ni dogo, linavuta kwa tairi za mbele. Tuna gambuti na makoti mazito ya kutosha. Naomba kujua kuhusu viatu, saa ya kuondoka, na kama ziwa likiganda mtu anaweza kulikanyaga.

fundi_milima:
Karibu sana. Kwanza ifupishe safari, ishieni Dream Lake. Kutoka Bear Lake ni kilomita 1.8, mnapanda kama mita 130 tu, na kwenye kilomita 0.8 mnapita Nymph Lake, kwa hiyo hata watoto wakigoma mapema watakuwa wameshaona ziwa. Emerald iko kilomita 1.1 mbele ya Dream, lakini kipande hicho kinaingia kwenye korongo lenye kuta kali. Theluji huporomoka hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na si lazima wewe uwe juu ya mteremko. Kupita chini yake kunatosha. Asiyejua kuusoma mteremko hana kazi huko mwezi wa kwanza.

Gambuti ziacheni nyumbani, mpira mtupu hautunzi joto. Tafuteni buti za kutembelea zisizopitisha maji, zenye nafasi ya kuchezesha vidole ukiwa na soksi moja nene ya sufu. Moja! Watu hupandisha soksi tatu wakidhani wanaongeza joto, kiatu kinabana, damu haifiki vidoleni, na baridi inawaingia haraka kuliko mwenye soksi moja.

Juu ya buti mnavalisha maikrospaiki. Ni mpira unaovutwa ukazunguka kiatu, na chini yake kuna minyororo yenye meno ya chuma ya kama sentimita 1. Njia hii inakanyagwa na watu wengi hadi theluji inakuwa kama sakafu iliyomwagiwa sabuni, na wengi huanguka wakati wa kurudi, mwili umechoka na njia inashuka. Vaeni pale maegeshoni mkiwa mmekaa, kabla vidole vya mikono havijafa ganzi. Mpira wa mbele ukikaa upande, vua uanze upya, la sivyo utachomoka kwenye mteremko. Viatu vile vipana vya theluji ni vya siku ambayo theluji mpya imeanguka usiku na haijakanyagwa. Vyote vinakodishwa, chukueni siku moja kabla.

njia_kuu:
Naongezea ya gari. Barabara ya Bear Lake inasafishwa majira yote, ila ina vivuli vinavyoshikilia barafu hata siku ya jua. Angalia ubavuni mwa tairi: kuna herufi M+S (yaani tope na theluji), au picha ya mlima wenye chembe ya theluji? Kama ipo, na kashata zina kina cha 3/16 ya inchi, yaani karibu milimita 5, sheria ya matairi ya Colorado unaitimiza hata gari likivuta kwa mbele. Kama ni vipara, badilisha au beba minyororo, na jifunze kuifunga nyumbani mchana, siyo pembeni ya barabara kwenye upepo.

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, mtafika kama saa mbili. Wikiendi maegesho hujaa hata msimu wa baridi, na basi la hifadhi la kubeba watu kutoka maegesho ya chini halitembei msimu huo. Kibali cha kuingia kwa saa maalumu hakihitajiki Januari. Kiingilio mnalipa kwa kadi, taslimu hawapokei. Mbwa abaki nyumbani, njiani haruhusiwi. Mtandao wa simu huko msiutegemee, pakueni ramani mapema. Asubuhi hiyohiyo someni taarifa ya CAIC, kituo cha Colorado cha habari za maporomoko ya theluji, ni bure. Mkianza kupanda saa mbili na nusu, saa tano ikifika geukeni, mmefika hamjafika.

sufu_si_pamba:
Hayo makoti mazito ndiyo yatakayowaponza. Mtu anaanza kupanda amejifunika kama yuko kituo cha basi, dakika kumi jasho linamtoka, fulana ya pamba inalowa. Akisimama ziwani, unyevu uleule unamnyonya joto lote. Nyuzi -5 zenye upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi inazihisi kama -14. Baridi ya Lushoto mwezi wa saba si kipimo hapa.

Ndani vaa fulana ya sufu au ya poliesta, katikati sweta jepesi, juu jaketi la kuzuia upepo. Jinzi hapana kabisa. Koti zito liwe kwenye begi, litoke mkisimama. Anza ukiwa unahisi ubaridi kidogo. Boshori na glavu jozi mbili kwa kila mtu, maana watoto watashika theluji dakika ya kwanza. Miwani ya jua pia, theluji inarudisha mwanga machoni.

Maji lita moja kwa mtu, na chupa igeuzwe kichwa chini begini: barafu huanzia juu, kwa hiyo itakuwa upande wa kitako na mdomo utabaki wazi. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, la sivyo chaji itaisha ghafla.

fundi_milima:
Swali la ziwa limerukwa. Kiwango kinachotajwa kwa mtu anayetembea ni sentimita 10 za barafu ngumu, angavu. Shida ni kwamba njia inafika Dream Lake upande wa mashariki, palepale maji yanapotokea, na maji yanayotembea huila barafu kwa chini. Theluji juu yake huficha nyufa na kuizuia isinenepe. Kuona nyayo za wengine hakukuambii walipita lini. Watoto wabaki ukingoni.

Kingine: kabla tu ya Dream kuna njia inayochepuka kushoto kwenda Lake Haiyaha. Nyayo zake hushawishi, na kibao kinaweza kuwa kimefukiwa. Ninyi endeleeni mbele.

mgeni_wa_Aurora:
Asanteni sana wakuu. Na watoto kuumwa kichwa kwa sababu ya kimo?

sufu_si_pamba:
Inawezekana, Bear Lake iko mita 2,888. Nendeni polepole kiasi cha kuweza kuongea, wanywe maji hata bila kiu. Kichwa kikiuma na mtoto akikataa hata biskuti, msingoje ziwa, shukeni hadi mji wa Estes Park kwenye mita 2,300.