Mkaratusi chotara wa GC: mbegu za jirani zinafaa?

Mkulima_Kafubu
Jambo kwenu wote. Nina hekta 1 upande wa barabara ya Kasenga, nje ya Lubumbashi. Udongo ni mwekundu, vichuguu viko vinne. Nataka mkaratusi chotara, ule wa GC, kwa sitiki (nguzo nyembamba) za ujenzi na makala (mkaa). Jirani anao wa miaka 6, umenyooka vizuri, na mbegu ananipa bure. Je, zitatoa miti kama hiyo? Nipande kwa nafasi gani? Tena, kwa nini miche mingi ya huku hukauka ncha mwezi wa 8 na shina linabaki hai?

Pepinieri_Ruashi
Baba, mbegu hizo mshukuru jirani halafu uziache. GC ni mtoto wa Eucalyptus grandis, wenye mbio na shina lililonyooka, na Eucalyptus camaldulensis, wenye kuvumilia ukame. Kati ya watoto wengi ulichaguliwa mti mmoja, ukazidishwa kwa vipandikizi na kupewa nambari. Kenya wanajua GC 581 na GC 584, kwa mfano. Miti yote ya nambari moja ni kama mti mmoja uliogawanywa. Ukipanda mbegu yake, tabia za wazazi zinaachana: huyu anafuata grandis na kiangazi kinamwonea, yule anafuata camaldulensis na kupinda. Na kama shamba la jirani ni la nambari moja tupu, chavua imetoka kwa ndugu pacha, kwa hiyo miche mingi itadumaa. Mbegu ya bure itakugharimu miaka sita.

Omba machipukizi. Jirani akate miti michache, aache visiki vya sentimita 10 hadi 12. Baada ya wiki 6 hadi 8 visiki vinatoa vijiti laini. Hivyo ndivyo vinavyotoa mizizi. Tawi la juu la mti mzima halitoi kitu, hata ukilipaka homoni mara tatu, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Kata asubuhi, weka kwenye ndoo yenye maji kidogo, funika kwa kitambaa kilicholowa. Kipande kiwe na sentimita 8 hadi 10 na jozi moja ya majani, na kila jani likatwe nusu ili lisipoteze maji. Chovya chini kwenye unga wa homoni ya mizizi, simika kwenye mchanga mkubwa uliochanganywa na maganda ya mpunga yaliyochomwa, kisha funika kitalu chote kwa plastiki inayopitisha mwanga iliyo chini ya kivuli. Ndani pawe na unyevu wa hewa, ila udongo usituamishe maji. Vipande vikigeuka vyeusi kuanzia chini, umemwagilia kupita kiasi. Majani yakianguka siku ya tatu, plastiki ina tundu au jua linapiga moja kwa moja.

Mizizi inatoka wiki ya 3 hadi ya 4. Fungua plastiki kidogo kidogo kwa siku kumi, toa kivuli, na mche ukifika sentimita 25 hadi 30 upande shambani. Anza hesabu mwezi wa 8 ili uwe tayari mwezi wa 12, mvua zikiwa zimeshika.

Mtu_wa_Udongo
Naongeza kuhusu ncha kukauka, maana watu husema ni kiangazi tu. Udongo wetu mwekundu uliooshwa rutuba na mvua, kama wa Copperbelt ya Zambia, umepungukiwa na boroni, madini ambayo mti huhitaji kwa kiasi kidogo. Mkaratusi huchukua boroni pamoja na maji. Tabaka la juu likikauka kuanzia mwezi wa 6, ugavi unakatika na ncha inayokua inakufa. Mvua zikirudi, machipukizi ya pembeni yanashindana na sitiki yako inakuwa uma.

Tofautisha na mchwa. Ukosefu wa boroni: majani machanga ni manene, yanavunjika kirahisi, yamekunjamana, ncha imekufa, chini ni kijani. Mchwa: mti wote unanyauka ghafla, na ukiuvuta unatoka kirahisi kwa kuwa gome la shingo ya mizizi limeliwa.

Dawa ya kwanza ni gramu 30 za borax (chumvi yenye boroni) kwa mti, wiki 4 hadi 8 baada ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu. Nyunyiza kwa mduara, sentimita 25 hadi 30 kutoka shinani. Pima mara moja kwa mizani, weka alama kwenye kopo dogo, usikadirie kwa mkono. Ukizidisha, kingo za majani zinaungua. Mbolea ya NPK, gramu 100, iende kwenye kishimo cha pembeni, sentimita 15 hadi 20, isiguse mizizi.

Kwa mchwa, loweka sashe (mifuko midogo ya plastiki) za miche kwa dawa ya imidaklopridi siku moja kabla ya kupanda, kwa kipimo cha lebo. Majivu husaidia hadi mvua kubwa ya kwanza. Na sashe itoe yote! Ukiiacha mizizi inazunguka, na mti huo upepo utaulaza mwaka wa tatu.

Nafasi: mita 2.5 kwa 2.5, yaani miti 1,600 kwa hekta kamili, pungufu kwako kwa sababu pembeni utaacha mita 10 za kuzuia moto. Palilia mduara wa mita 1 kwa kila mti mwaka wa kwanza. Nyasi ndizo zinazoiba mbio zake.

Fundi_Mbao_Kenya
(Kenya yangu ni ile komini (mtaa wa utawala) ya hapa Lubumbashi, kabla hamjaniuliza habari za GC 581.)

Sitiki: zipo kuanzia mwaka wa 3 hadi wa 5. Usizichimbie ardhini bila dawa, mchwa watazimaliza haraka. Kwa jukwaa la zege na kwa paa ni safi.

Makala: yanawaka vizuri, lakini ni mepesi kuliko ya muputu au mutondo, miti yetu ya porini. Mama anayepika maharage atasema moto umeisha mapema, na atakuwa amesema kweli. Kuni zikaushwe wiki 4 hadi 6 kabla ya tanuri la udongo. Kuni mbichi zinatumia moto mwingi kufukuza maji, unabaki na vumbi.

Mbao: usikimbilie. Shina la mkaratusi lina mvutano ndani yake. Ukiliangusha, ncha zinapasuka palepale. Subiri kipenyo kipite sentimita 25, pasua ndani ya siku chache, geuza gogo kila baada ya mbao moja au mbili, na kiini cha katikati kitupe. Panga kivulini na vijiti vya sentimita 2 kila nusu mita, kisha weka mawe juu.

Mkulima_Kafubu
Aksanti sana. Swali la mwisho: miti ya jirani ina uvimbe mdogo wa kijani na wa pinki kwenye vikonyo na mshipa wa kati wa jani. Nichukue machipukizi hayo au la?

Pepinieri_Ruashi
Hapana, yenye uvimbe usichukue. Hizo ni nyumba za kinyigu Leptocybe invasa, mdudu wa kama milimita 1, na GC nyingi hazimwezi kwa sababu ya damu ya camaldulensis. Kunyunyizia shamba zima hakulipi, yuko ndani ya jani. Tafuta kwa jirani mti ambao hauna uvimbe ingawa umezungukwa na wenye uvimbe, ukate huo. Kama yote inao, nunua miche chotara ya grandis na Eucalyptus urophylla, mara nyingi inamvumilia zaidi, na changanya nambari tatu au nne kwenye hekta yako, mistari minne minne kwa kila nambari.