Nina CPL (leseni ya urubani wa biashara) ya Marekani nimerudi Bongo, naibadilije iwe ya hapa?

Kijana_wa_Igoma
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu maana nimezunguka mpaka kichwa kinauma. Nimesomea urubani Marekani, Florida, nimemaliza mwaka jana, nina CPL ya FAA (mamlaka ya anga ya Marekani), injini moja na injini mbili, na instrumenti (kuruka kwa vyombo bila kuona nje) juu yake, logibuku (daftari la masaa ya kuruka) inasoma masaa 262. Mzee aliuza kiwanja ili nisome so hapa nyumbani naangaliwa kwa jicho lile mnalolijua. Nimerudi nikijua nabisha hodi kwenye kampuni mbili tatu za Caravan (ndege ndogo za injini moja) pale Arusha napata kazi, kumbe kila nikiingia swali la kwanza ni leseni ya TCAA (mamlaka ya anga ya Tanzania) iko wapi. Mmoja anasema nifanye validesheni, mwingine nibadili kabisa, mwingine eti nirudi shule upya. Halafu kuna jamaa niliyesoma naye yuko Nairobi ananivuta niende uwanja wa ndege wa Wilson nichukue ya Kenya, anasema ikishakuwa ya Kenya ni Afrika Mashariki hiyo inatumika kote. Ni kweli? Na kama baadaye nataka kwenda Uarabuni ipi itanifaa zaidi? Msinitukane jamani.

Rubani_wa_vumbi
Karibu nyumbani dogo. Leseni haifuati uraia wako wala nchi uliyolala, inafuata mkia wa ndege. Ndege iliyoandikwa 5H ni ya Tanzania, kwa hiyo anayeirusha awe na leseni ya TCAA au awe na ya nje ambayo TCAA wameikubali kwa maandishi. 5Y ni Kenya, 5X Uganda, N Marekani. Hii iko tangu mkataba wa Chicago wa 1944, hakuna aliyeitunga kukukomoa wewe. Sasa hivi CPL yako inakuruhusu kurusha ndege yenye N mkiani, na ukihesabu ndege za N zinazotafuta rubani wa masaa 262 hapa Arusha utabaki na vidole vyote kumi.

Validesheni ni ruhusa ya muda inayoegemea leseni yako ya nje, mara nyingi inatafutwa na kampuni inayomtaka mtu fulani haraka, muda ukiisha basi. Kubadili ni unapewa leseni ya hapa kabisa. Wewe ni Mtanzania na unataka kuishi hapa, badili, usipoteze hela ya validesheni.

Anza na barua ya uthibitisho. Kadi yako ya plastiki hata ingekuwa ya dhahabu haitoshi, lazima FAA wenyewe wathibitishe kwa mamlaka ya huku kwamba ni halali, na hiyo inachukua muda wake, wengi wanafanya mengine yote halafu wanakuja kukaa wanasubiri karatasi moja. Medikali daraja la kwanza unapima upya kwa daktari aliyeteuliwa na mamlaka ya hapa. Halafu kuna mtihani wa sheria za anga, usiudharau, watoto wa Marekani wanaangukia hapo. Umezoea kuseti altimita (kipima kimo) kwa inchi, 29.92, huku ni hektopaskali, 1013. Umezoea kuona mbali kwa maili, huku ni mita na kilomita. Kule transishen (kimo unapobadili altimita kwenda namba hiyo ya kawaida) ni futi 18,000 nchi nzima, huku unaangalia chati ya uwanja husika. Ni vitu vidogo ila mtihani unavipenda. Mwisho unaruka na mkaguzi. Kingereza chako nacho, kadi ya FAA imeandikwa tu kwamba unakijua, huku watataka levo (daraja la Kingereza cha marubani). Levo 4 inadumu miaka 3, 5 miaka 6, ukipata 6 hurudii tena. Na instrumenti kule haina mwisho ilimradi uko karenti (umeruka karibuni), huku inafanyiwa mtihani kila mwaka. Kama hujaruka instrumenti tangu umalize, kapige simuleta kwanza.

Wilson_West
Niaje bro. Huyo beshte yako wa Nairobi amechanganya mambo. CASSOA (shirika la usalama wa anga la Afrika Mashariki) ilianzishwa 2007 na iko Entebbe, kazi yao ni kuoanisha kanuni za nchi za jumuiya, so ukisoma kanuni za Kenya na za Tanzania ni kama pacha, lakini kila nchi bado inatoa leseni yake yenyewe. Ukiwa na ya KCAA (mamlaka ya anga ya Kenya) utarusha 5Y, ukitaka 5H unaanza tena foleni, japo nyepesi kidogo. Na hiyo ni leseni tu, kibali cha kazi ni idara ingine kabisa. Mtanzania kuja Wilson kushindana na vijana wetu wenye masaa 200 wanaokunywa chai hapo getini kila asubuhi wakingoja simu? Kaa kwenu buda.

Sasa nikuulize kitu hakuna amekuuliza. Hayo masaa 262 uliyapataje? Mimi pia nilisomea Marekani, na kule ukishapata leseni ya kwanza, ukiwa na mwalimu kando yako na wewe ndiye umeshika usukani, unaandika PIC (masaa ya rubani mkuu wa ndege). Sheria yao inaruhusu. Halafu kuna ile ya kujenga masaa wawili wawili, mmoja amevaa kofia ya kuziba macho asione nje, mwingine sefti pailoti (anayemwangalizia nje), na wote wawili mnaandika PIC kwa safari moja, gharama mnagawana. Tamu sana. Nilipopeleka logibuku yangu kubadili, jamaa alikaa na kalamu nyekundu. Yenye mwalimu ikawa ya mafunzo, si PIC. Ya sefti ikafutwa kabisa. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimesoma kiwango cha ICAO (shirika la anga la dunia) cha CPL kabla ya kuanza: jumla masaa 200, na ndani yake PIC 100. Kama umepitia kozi moja iliyoidhinishwa kuanzia A mpaka Z inashuka kuwa 150 na 70. Piga hesabu upya kabla mtu mwingine hajakupigia.

Kijana_wa_Igoma
Mkuu umenishtua nimetoka kuifungua logibuku saa hizi mikono inatetemeka. PIC iliyoandikwa ni 160. Humo ya sefti ni 48 na yenye mwalimu ni 40. So PIC ya kweli ni 72?? Jumla inabaki 214 hiyo sawa, ila PIC napungukiwa 28. Na shule yangu haikuwa ya ile kozi iliyoidhinishwa, ilikuwa ya kulipa kadiri unavyoruka.

Mzee_wa_Kachumbari
Mzee anacho kiwanja kingine?

Kijana_wa_Igoma
Sio poa mkuu 😂

Doha_Night_Stop
Nimewasoma nikacheka, nilipita humo humo. Mimi nipo upande wa Ghuba. Dogo Uarabuni usiiwaze kwanza, sio swala la leseni ipi. Mashirika makubwa ya huku yanachukua watu kutoka kila nchi duniani, ukishaajiriwa ndio unabadilishiwa leseni ukiwa ndani, na wenyewe wanajua njia. Wanachoangalia ni masaa na umeruka nini. ATPL (leseni ya juu kabisa ya urubani wa mashirika) yenyewe inaanzia masaa 1,500. Kwa hiyo leseni itakayokufaa Uarabuni ni ile itakayokupa Caravan kesho na ATR (ndege kubwa zaidi ya abiria) baada ya hapo.

Ulaya ndio usiseme. Kule hata uwe kapteni wa miaka 15 ukija na leseni ya nje unakaa chini unafanya mitihani 13 ya nadharia, kila mmoja asilimia 75, na una miezi 18 kuimaliza yote. Na Uingereza tangu 2021 wana ya kwao peke yao, ya Ulaya sio ya Uingereza. Nimeona watu wazima na vipara vyao wanakariri mambo ya jairo (gurudumu linalozunguka ndani ya vyombo vya ndege) usiku wa manane. Kadi yako ya FAA itunze, haiishi muda, siku moja itakufaa.

Rubani_wa_vumbi
Wilson_West asante, hilo la PIC nililisahau maana mimi nilisomea Afrika Kusini. Dogo usikimbilie kulipia hayo masaa 28. Peleka maombi na nakala za logibuku, uliza kwa maandishi wanayakubali mangapi, wakujibu kwa maandishi. Wakisema 28 kweli, basi utafute hayo 28, labda watasema chini ya hapo. Nilimuona mtu kanunua masaa 50 kwa wasiwasi tu wakati alikuwa anahitaji 15. Barua ya uthibitisho omba leo leo, hiyo haisubiri hesabu.

Kijana_wa_Igoma
Nashukuru sana wakuu. Medikali naweza kupimia huku Mwanza au mpaka Dar?

Rubani_wa_vumbi
Si unaenda TCAA Dar hata hivyo? Waombe orodha ya madaktari hukohuko, panda basi. Na usinywe Pepsi njiani, watakupima sukari.