Mwanangu ana miaka 10, bado anakojoa kitandani, na baba yake anataka aende bweni Januari

Mama Chamazi
Habari za jioni wapendwa. Mnivumilie, ni ndefu kidogo.

Nina mtoto wa kiume, ametimiza miaka 10 mwezi wa sita. Yuko darasa la nne, sasa hivi wanajiandaa na upimaji wa taifa. Darasani hana shida. Shida ni usiku, anakojoa kitandani. Si kila siku, lakini wiki haipiti bila godoro kutolewa nje, na zipo wiki linatoka mara nne. Hajawahi kukaa miezi akawa mkavu, ni tangu utotoni. Mdogo wake wa miaka 5 aliacha zamani na ameshaanza kumcheka.

Sasa baba yake anataka Januari akiingia la tano aende bweni. Sitaki kumsema vibaya, sababu anazo: basi la shule linampitia saa kumi na moja kasoro alfajiri, jioni anashushwa saa kumi na mbili, siku ya foleni hata saa moja. Mtoto anasinzia sahani ikiwa mbele yake. Na tangu ule waraka wa serikali wa 2023 uliozuia bweni kuanzia awali mpaka la nne, shuleni kwao la tano ndipo watoto wanapohamia bweni kwa wingi, kwa hiyo wenzake karibu wote wanakwenda. Awamu ya kwanza ya ada inatakiwa Desemba.

Baba yake anasema aibu ya huko itamwachisha. Mama mkwe anasema nimpeleke kijijini, dawa ipo. Mimi moyo unakataa yote mawili. Nimsubirishe kwanza? Kuna waliokwenda bweni hivyo hivyo wakawa salama? Na tiba ya kweli ipo? Matusi tafadhali kaeni nayo.

Baba Wawili
Mchape. Sisi tulichapwa na tukaacha.

Kichwa Ngumu
Baba Wawili, wewe uliacha kwa sababu ulikua. Mimi nilichapwa, nikabebeshwa godoro nikazungushwa nalo mtaani watoto wakiniimbia nyuma, shangazi akanifunga chura kiunoni. Chura alikufa, mimi nikaendelea. Nimekuja kuacha kidato cha kwanza bila mtu kunifanya lolote. Na kijana wangu mkubwa amefuata njia hiyo hiyo.

Dada, ulizia upande wa baba. Mara nyingi anayefoka sana ndiye aliyekuwa bingwa wa ukoo.

Mama Chamazi
Kichwa Ngumu umenifanya nicheke peke yangu jikoni. Nimempigia wifi yangu mkubwa. Baba mtoto alikojoa mpaka la sita! Na mama mkwe muda wote huo kanyamaza, anazungumzia dawa tu.

Nesi wa Zamu
Basi hapo umeshapata jibu la nusu. Hali hii inarithiwa sana. Mzazi mmoja akiwa naye utotoni alichelewa kuacha kukojoa kitandani, mtoto ana uwezekano unaokaribia nusu. Wakiwa wote wawili, ni kama watoto watatu kati ya wanne. Kwa umri wa miaka 10, katika kila watoto 20 huwa yupo mmoja hivi. Darasa la watoto 40 lina wawili, na kila mmoja anaamini yuko peke yake duniani.

Usiku ubongo unatoa homoni inayoziambia figo zipunguze mkojo. Kwa watoto hawa homoni hiyo inachelewa kufikia kiwango, au kibofu kinakosa subira kabla hakijajaa, na usingizi ni mzito kiasi kwamba mwili ukiita hawasikii. Fimbo haifiki kwenye figo wala kwenye usingizi. Inachofikia ni makalio.

Kabla sijashauri nijibu haya. Mchana anavujisha? Anaumia akikojoa, au mkojo una damu? (Walio Kanda ya Ziwa wasisahau kichocho.) Anakunywa maji kupita kiasi huku anakonda? Anakoroma sana? Siko seli ameshapimwa? Hao nao hukojoa kitandani zaidi ya wenzao. Haja kubwa anapata kila siku? Na la mwisho ndilo ninalolitaka zaidi: maji anakunywa saa ngapi?

Mama Chamazi
Mchana mkavu kabisa. Haumii, damu hakuna, hajakonda, kukoroma ni akiwa na mafua tu. Siko seli alipimwa mdogo, hana.

Haja kubwa nimemuuliza leo nikaona aibu, sijawahi kufuatilia. Siku tatu, nne. Na akienda choo kinaziba, huwa tunamlaumu fundi.

Maji ndiyo yameniacha hoi. Shuleni hanywi. Kaniambia, "Vyoo vinanuka mama, nikinywa nitaenda." Chupa yake inarudi imejaa, mimi nikidhani wanaijaza tena shuleni. Akishuka kwenye basi anapitiliza kwenye friji na kumaliza karibu jagi zima. Kisha chai ya rangi na chapati, maana chakula cha usiku tunakula saa mbili na nusu. Saa tatu kalala.

Nesi wa Zamu
Sasa tumefika. Mtoto anafunga maji tangu alfajiri, halafu ya siku nzima anayaingiza ndani ya saa tatu za mwisho, na chai juu yake. Saa saba usiku kibofu kitafanya nini? Halafu haja kubwa iliyokwama inakaa nyuma ya kibofu na kukibana, nafasi inazidi kuwa ndogo.

Usimnyime maji, kosa hilo wazazi wengi wanalifanya. Yahamishe yarudi mchana. Nenda kamwone mwalimu wa darasa ana kwa ana, mtoto asihitaji kunyoosha mkono mbele ya wenzake ili aruhusiwe kwenda chooni. Mwekee tishu na kipande cha sabuni kwenye begi. Aende chooni wakati wenzake wako darasani, huwa kunakuwa na nafuu. Chupa ya kwanza iishe kabla ya chakula cha mchana, ya pili kabla ya kupanda basi. Akifika nyumbani glasi moja na chakula, basi. Chai ya rangi na soda za kola ziondoke jioni, zinaongeza mkojo.

Haja kubwa: papai, maharage, mboga za majani, na akae chooni baada ya kula bila mtu kumgongea mlango. Jumamosi na Jumapili ndizo siku zake nzuri, siku za shule alfajiri hiyo hana muda. Isipofunguka mpeleke kituo cha afya wampe ya kulainisha, na hapo hapo wampime mkojo. Ni kipimo rahisi, kinaonyesha sukari na dalili za maambukizi.

Kisha mpe miezi miwili mitatu. Hataacha wiki ijayo.

Mke wa Fundi
Na kumwamsha usiku? Mimi wangu namwamsha saa tano.

Nesi wa Zamu
Kunaokoa shuka, hakumfundishi mwili kuamka. Ila kuokoa shuka nako si kitu kidogo kwa anayefua kwa mkono. Ukimwamsha, aamke kweli, atembee mwenyewe, akujibu swali. Ukimbeba amelala ukamsimamisha chooni unamzoeza kukojoa usingizini.

Kipusa wa Mombasa
Pole mamangu. Wangu alikuwa hivyo, na darasa likawa lina safari ya Nairobi ya kulala. Daktari wa watoto akampa vidonge vya desmopresini, ni mfano wa hiyo homoni aliyotaja nesi. Vikamweka mkavu safari yote. Aliporudi tukaacha, usiku ule ule kitanda kikaoga. Kwa hivyo vyasaidia usiku unaovimeza, na bei yake si ya kuchezea.

Kilichomwachisha ni kengele. Ni kijidude kinachobanwa kwenye chupi, tone la kwanza tu kinalia. Mwanzo nyumba nzima tuliamka, hadi jirani, isipokuwa mwenyewe. Nilikuwa namtikisa na kengele inalia sikioni mwake. Lakini kidogo kidogo akaanza kuisikia, mwisho akawa anaitangulia. Yataka subira ya miezi, na yataka mzazi chumba cha pili. Bweni hapana.

Nesi wa Zamu
Kipusa asante. Kuhusu vidonge niongeze neno, msije mkavinunua dirishani. Anayevimeza hatakiwi kunywa maji mengi kuanzia muda wa saa moja kabla ya kumeza mpaka muda wa saa 8 baadaye. Akinywa, chumvi ya damu inashuka na anaweza kupata degedege. Ndiyo maana vinatoka kwa daktari, na ndiyo maana mimi singempa mtoto avipeleke bweni kwenye begi.

Za kijijini sizitukani, lakini dawa ambayo hakuna anayejua kipimo chake, kwa mtoto ambaye hata haumwi, ya nini?

Matroni wa Zamani
Nimekaa na watoto wa bweni, la tano mpaka la saba, miaka mingi. Mkoa siutaji.

Hiyo hoja ya aibu niijibu mimi. Aibu haiwaachishi, inawafundisha kuficha. Mtoto anaamka kabla ya kengele ya asubuhi, anakunja shuka bichi analifungia kwenye tranka pamoja na nguo safi na daftari. Jumatatu, Jumanne hakuna anayejua. Jumatano bweni zima linanuka na wenzake wanaanza kupekua. Nimewahi kuwa na mmoja alikuwa halali. Nikipita na tochi saa sita namkuta amekaa kitandani amejikunyata, macho makavu. Mchana analala darasani, mwalimu anaandika kwenye ripoti "mvivu". Mwingine alikuwa anawapa wenzake sukari yake ili wasiseme. Sukari iliisha kabla ya muhula.

Ila sisemi bweni haiwezekani. Wapo niliowapokea wakikojoa, na hakuna aliyejua zaidi yangu. Inategemea nani anashika zamu, kwa hiyo usimtume baba na fomu, nenda mwenyewe ukaulize. Je, matroni au patroni analala ndani ya bweni, au anakuja asubuhi? Watoto wa la tano wanalala na wa la saba? Choo kiko ndani au unavuka uwanja, na taa ipo? Hilo la choo ndilo kubwa. Hata mtoto mkavu, akiogopa giza, atakojoa kitandani.

Na wazazi wengine mnaosoma: mtoto aliyekuwa mkavu miezi na miezi akaanza ghafla akiwa bweni, mpelekeni apimwe, lakini pia mkae naye faragha mumuulize kwa upole nani analala karibu naye na nani anamfuata usiku. Sitasema zaidi ya hapo.

Kwa wako, dada, ningesubiri. Januari ni karibu mno. Maji na choo ndiyo kwanza utaanza kuvirekebisha, na upimaji uko mbele. Shule nyingi zinapokea hata Julai.

Baba Wawili
Haya, fimbo naiondoa, Kichwa Ngumu usinifuate inbox. Lakini alfajiri ile mnaikwepa. Mtoto anaamshwa saa kumi, anarudi saa moja usiku, hanywi maji, hana muda wa choo, amechoka ndiyo maana analala mzito. Hata mimi mtu mzima ningekojoa. Mzee ana hoja kwamba hali hii haiwezi kuendelea. Ila kati ya basi la alfajiri na bweni kuna njia ya tatu: shule ya karibu. Chamazi shule zipo nyingi siku hizi. Hiyo ada ya bweni ukiitoa gharama ya kulala na kula, unapata shule nzuri anayoenda kwa miguu.

Kichwa Ngumu
Leo umeongea.

Mama Chamazi
Wapendwa nashukuru. Nimemwonyesha baba yake, nikaanza na la matroni. Alisoma kimya, alipofika kwa yule anayegawa sukari akaniuliza, "Dada amekuambia nini kuhusu mimi?" Nikamwambia yote. Hatujagombana. Amekubali Desemba tusilipe bweni, na hilo la shule ya karibu amesema Jumamosi tukaangalie mbili. Anataka tu matokeo ya upimaji yatoke kwanza ndipo tuamue kuhama, kwa hiyo hapo bado tunavutana.

Chupa ya maji jana imerudi nusu. Mkojo tunampeleka kupima wiki hii. Mdogo wake nimempa onyo.

Matroni, nikuulize la mwisho. Kama Julai tutaamua bweni na bado hajakauka sawasawa, nimfungie nini?

Matroni wa Zamani
Mpira ule wa kujifungulia unaouzwa duka la dawa, ushone ndani ya foronya ya godoro ili usionekane wala usipige kelele akigeuka. Shuka nne, rangi ya bluu iliyokolea au kahawia, zote zifanane ili akibadilisha usiku mtu asijue. Pajama za kukauka haraka, si za pamba nzito. Ndoo yake yenye mfuniko. Omba kitanda cha chini cha deka, karibu na mlango, uombe wewe siku ya kuripoti kabla vitanda havijagawiwa. Na namba ya simu ya matroni ichukue siku hiyo hiyo, umwambie ukweli mkiwa wawili, mtoto awepo asikie kwamba kuna mtu mzima mmoja anayejua. Tranka lenye kufuli usimwachie mwenyewe mwezi wake wa kwanza bweni. Muulize matroni kama anaweza kumtunzia.