Mkimbiaji wa Tanga amealikwa kwenye mashindano ya skii ya wanafunzi: ajiandae vipi?

Binti wa Chumbageni

Asalaam aleikum na habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mzaliwa wa Tanga, na tangu sekondari nimekuwa mkimbiaji wa mita 1,500 na mita 3,000. Mwezi wa nane, Mungu akipenda, nakwenda Ufini kwa masomo ya mwaka mmoja. Klabu ya michezo ya chuo ninachokwenda imeona muda wangu wa riadha na imeniandikia kwamba ingependa nijiunge na timu yake ya skii za masafa, yaani mbio za kuteleza juu ya theluji kwa mbao mbili nyembamba, ili mwezi wa tatu nishiriki mashindano ya kimataifa ya wanafunzi, mbio za kilomita 5 kwa mtindo wa klasiki.

Nimefurahi, lakini nina mashaka. Sijawahi kugusa theluji, na baridi kali niliyowahi kuionja ni ya Lushoto mwezi wa saba. Zaidi ya baridi, nachelea kwenda kuwa kioja, yaani mtu wa kupigwa picha kwa sababu ametoka Afrika, si kwa sababu ameshindana. Naomba aliyewahi kupita njia hii anieleze hali halisi ikoje, na mapafu ya riadha yatanisaidia kwa kiasi gani. Pia ningependa kujua kama nitahesabiwa kuwa ninaiwakilisha Tanzania au chuo tu.

Dada wa Raskazone

Waaleikum salaam, mdogo wangu. Nimesoma Ufini na nimeshiriki mashindano ya namna hiyo nikiwa nimevaa jezi ya chuo, kwa hiyo nitakueleza niliyoyaona, nikianzia pale ambapo watu wa nyumbani hawaulizi.

Kila mtu atakuuliza habari za baridi. Baridi ina dawa yake, na kanuni zenyewe zinamlinda mwanariadha, kwa sababu mashindano rasmi ya skii za masafa hayaanzi iwapo kipimajoto kimeshuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri mahali penye baridi kuliko pote njiani. Kinachomsumbua mkimbiaji ni mteremko. Njia ya mashindano hupangwa ili takriban theluthi yake iwe ya kupanda, theluthi iwe ya kushuka, na iliyobaki iwe ya kupanda na kushuka kidogo kidogo. Kwenye kupanda, moyo na mapafu uliyoyajenga kwenye mita 3,000 yatakubeba. Kwenye kushuka hayakusaidii kitu. Skii za masafa ni nyembamba, hazina kingo za chuma kama zile za kushukia milimani, na kiatu hufungwa kwenye ncha ya mbele tu ili kisigino kiwe huru kunyanyuka. Uhuru huo unaokufaa wakati wa kupanda ndio unaokunyima utulivu pale unaposhuka kwa kasi na kona iko mbele yako.

Kwa hiyo, ukifika, mwombe mwalimu wako akufundishe kushuka na kufunga breki kabla ya kukufundisha kwenda kasi. Utajifunza kupanua mikia ya skii huku ncha zikikaribiana ili upunguze mwendo, na utajifunza kupinda kona kwa hatua ndogo za haraka. Wenzako wengi waliyajua haya kabla hawajaanza shule, na usione ajabu mtoto mdogo akikupita bustanini.

Jambo la pili ni mizani. Mtindo wa klasiki hufanywa ndani ya mifereji miwili iliyochongwa kwenye theluji, na mtazamaji hudhani ni kukimbia huku umevaa mbao. Ukweli ni kwamba kila hatua inataka uzito wako wote ukae juu ya skii moja huku nyingine ikirudi nyuma, na mtu anayegawa uzito kwenye miguu yote miwili kwa sababu ya woga hatelezi, bali anatembea tu na anachoka bure. Aliyewahi kusimama ndani ya mtumbwi mdogo pale ufukweni ataielewa hali hiyo: ukikakamaa unaanguka, ukilegeza magoti unakaa.

Halafu kuna nta, ambayo kwangu ndiyo sehemu iliyonivutia kuliko zote. Skii ya klasiki imeinuka kidogo katikati. Ncha zote mbili hupakwa nta ya kutelezea, na katikati, chini ya kiatu, hupakwa nta ya kushikia. Unapokanyaga kwa nguvu, sehemu ya katikati inagusa theluji na kuishika, nawe unasukuma. Unapoteleza inainuka na kuiachia. Lakini theluji iliyoanguka usiku na theluji iliyoyeyuka ikaganda tena hazitaki nta moja, wala asubuhi na mchana si sawa, kwa hiyo mafundi wa timu huamka mapema kuliko wanariadha, wanapima joto la theluji na kujaribu skii moja baada ya nyingine. Nta ikikosewa, hata bingwa atarudi nyuma mlimani. Kaa na mafundi hao, uliza, shika pasi ya kuyeyushia nta na upake mwenyewe. Kuanzia msimu wa 2023/24, Shirikisho la Kimataifa la Skii, FIS, limepiga marufuku nta zenye kemikali ya florini, kwa hiyo ukipewa kopo la zamani na rafiki, usilitumie kabla ya kumwonyesha fundi.

Siku ya mashindano yenyewe, mliokuwa mmezoea kuanza pamoja kama riadha mtashangaa, kwa sababu katika mbio nyingi za aina hiyo kila mtu huanza peke yake, sekunde 30 baada ya aliyemtangulia, na mshindi hujulikana kwa saa. Nilifungwa kifaa cha kuhesabia muda kwenye kifundo cha mguu, nikasimama mlangoni, msimamizi akanihesabia, nikaondoka. Mlima wa kwanza nilimkamata msichana aliyeanza mbele yangu na nikampita, moyo ukajaa furaha. Katika mteremko uliofuata akanipita yeye, amechuchumaa, fimbo zake za kusukumia zimebanwa kwapani, wala hakupiga hatua hata moja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kupumzika ukiwa katika mwendo ni ustadi, na kwamba mimi nilikuwa natumia nguvu katika sehemu ambayo wenzangu walikuwa wanazirudisha. Ukisikia mtu nyuma yako anaomba njia, toka kwenye mfereji mara moja. Ni kanuni, na pia ni heshima.

Kuhusu kuwa kioja, nakuelewa kabisa, na nakusihi usilipuuze jambo hilo. Watazamaji wa huko hushangilia kila namba inayopita, ya kwanza na ya mwisho, na sikuona dharau kwao. Ila mpiga picha mmoja alikuwa ananingojea kwenye kona ambayo watu huanguka. Baada ya mazoezi nilimwendea nikamwomba anipige picha nikiwa napanda mlima, ambako nilikuwa najiweza, naye akakubali bila ubishi. Sema mapema unataka uonekane vipi. Ukiulizwa kama ulikuwa hujawahi kuona theluji, jibu kwa kifupi kisha uzungumzie muda wako na mafunzo yako.

Mwisho kwa leo, hewa. Sisi tumelelewa na hewa ya bahari yenye unyevu, na hewa ya baridi kali ni kavu mno. Mkimbiaji anayeivuta kwa nguvu hukauka koo, na wengine hubanwa kifua na kukohoa baada ya mbio. Funika mdomo na pua kwa skafu nyembamba ya shingo wakati wa kupasha mwili moto, usiivute hewa hiyo kwa kasi ya mashindano tangu dakika ya kwanza, na ikiwa una pumu hata kidogo, mwone daktari kabla hujasafiri.

Katibu wa Klabu

Nijibu lile la uwakilishi tu. Ukiingia mashindanoni kupitia klabu ya chuo, unawakilisha chuo. Michezo ya Dunia ya Vyuo Vikuu, ambayo kwa upande wa majira ya baridi ilianza Chamonix mwaka 1960 na kufanyika Lake Placid mwaka 2023 na Torino mwaka 2025, ni jambo jingine: huko mwanafunzi huandikishwa na chombo cha michezo ya vyuo vikuu cha nchi yake, na lazima awe raia wa nchi hiyo. Kwa mbio zinazosimamiwa na FIS, mwanariadha husajiliwa na chama cha taifa kilicho mwanachama wa shirikisho hilo, na matokeo yake hugeuzwa kuwa pointi ambazo, kinyume na michezo mingi, kadiri zinavyokuwa chache ndivyo zinavyokuwa bora. Tanzania haikuwa na mshiriki katika Olimpiki yoyote ya majira ya baridi, ile ya Beijing ya mwaka 2022 ikiwemo. Kwa hiyo usivae bendera kifuani kwa kudhania tu. Iandikie Kamati ya Olimpiki Tanzania na Baraza la Michezo la Taifa uwaarifu kuhusu mwaliko wako, hata kama safari hii unakwenda kwa jina la chuo, kwa sababu barua hiyo itakuwa msingi wa atakayekufuata.

Mwalimu wa Riadha

Mwanangu, hongera. Nimefundisha wakimbiaji hapa Tanga kwa muda mrefu, na ingawa sijasimama juu ya skii, nafahamu mwili wa mkimbiaji na nimefuatilia habari za Philip Boit wa Kenya, ambaye alikuwa mkimbiaji wa masafa ya kati kama wewe na akafanya mazoezi yake Ufini hukohuko unakokwenda. Kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, wa 92, takriban dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norwei, ambaye alimsubiri mwishoni ili amkumbatie na kumpongeza. Watu husimulia kumbatio lile na kuishia hapo. Mimi hutaka wanafunzi wangu wajue kwamba Boit alirudi Salt Lake City mwaka 2002 na Torino mwaka 2006, na kwamba katika safari hizo kulikuwa na watu waliomaliza nyuma yake.

Tunamtendea vivyo hivyo John Stephen Akhwari wetu. Tunakumbuka goti lililofungwa bandeji kwenye maratoni ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968, lakini ni wachache wanaojua kwamba miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alimaliza maratoni katika nafasi ya tano. Alikuwa mkimbiaji hodari aliyepatwa na siku mbaya. Nakueleza haya ili usijipangie huruma kabla ya mbio, wala usiikubali kutoka kwa wengine. Panga muda unaoutaka, na mwaka unaofuata panga mwingine.

Sasa kazi. Skii za masafa hutumia mikono, mgongo na tumbo kama zinavyotumia miguu, na ndiyo maana wanariadha wake ni miongoni mwa wenye uwezo mkubwa kabisa duniani wa kutumia oksijeni. Wewe una miguu, lakini mikono yako ni ya mkimbiaji. Kuanzia sasa hadi mwezi wa nane, punguza siku moja ya mbio za uwanjani uweke kupiga kasia, na siku nyingine upande kilima kwa fimbo mbili mkononi, ukizisukuma nyuma hadi mkono unyooke. Ukipata nafasi ya kwenda Lushoto, miinuko ile ni hazina. Simama kwa mguu mmoja kila siku, kisha ufumbe macho. Ukifika Ufini utakuta skii za magurudumu ambazo wanariadha wa huko huzitumia kwenye lami kabla ya theluji. Zianze mapema, ukiwa na kofia ngumu na kinga za magoti.

Mama wa Ngamiani

Nimesoma yote kwa makini kwa kuwa nami nina binti mwanamichezo. Mwanangu Dada wa Raskazone, naomba utueleze kuhusu sitara, maana nimeziona nguo zile kwenye televisheni na zinabana mwili wote. Na je, mashindano yakiangukia Ramadhani, mtoto atafunga na kushindana kwa pamoja?

Dada wa Raskazone

Shikamoo mama. Kichwa hakina tatizo kabisa, kwa sababu kila mtu huko amefunika kichwa, masikio na shingo, na mtandio mwepesi wa michezo unakaa vizuri chini ya kofia. Juu ya nguo ya kubana mimi nilivaa suruali nyepesi ya upepo na fulana ndefu, na hakuna aliyenizuia. Hata hivyo mdogo wangu awaandikie waandaaji mapema apate jibu kwa maandishi. Nguo ya ndani kabisa iwe ya sufu au kitambaa cha michezo, isiwe pamba, kwa sababu pamba hushika jasho, na jasho likipoa mwilini ndipo mtu anapoumwa na baridi. Asivae nguo nyingi wakati wa mbio. Anapaswa kuhisi baridi kidogo anaposimama mlangoni, kwa maana baada ya mlima wa kwanza atakuwa anatoka jasho.

Kuhusu funga, mwanzoni mwa Machi mchana wa kule haujawa mrefu. Toka jua kuchomoza hadi kutua ni kama saa 11. Mazoezi mepesi niliyafanya karibu na futari. Msafiri ana ruhusa yake katika dini na siku atazilipa, na hilo atashauriana na sheikh anayemwamini. La kimwili ninaloweza kusema ni kwamba baridi huondoa hamu ya maji huku mwili ukiendelea kuyapoteza kwa pumzi na jasho, kwa hiyo usiku anywe hata kama hana kiu.

Binti wa Chumbageni

Mmenisaidia sana, Mungu awalipe. Nimewaandikia klabu leo kuwajulisha kwamba nimekubali, na nimewaomba wiki za kwanza ziwe za kushuka na kufunga breki. Barua za Kamati ya Olimpiki na Baraza la Michezo nitaziandika wiki hii. Mwalimu, hizo fimbo za kupandia kilima ziwe na urefu gani?

Mwalimu wa Riadha

Kwa mtindo wa klasiki, kanuni inataka fimbo isizidi asilimia 83 ya kimo chako ukiwa umevaa viatu vya skii. Ukiwa na sentimita 165, kata mianzi miwili ya sentimita 136, ncha uzifunge mpira wa tairi la baiskeli ili zisiteleze kwenye lami. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa langoni mwa uwanja wa Mkwakwani. Njoo nazo tuanze.