Tamal, tlacoyo au gordita: ipi ina lishe bora kwa mwenye kisukari?

Binti Pangani

Wanajukwaa, salaam. Ninaishi San Antonio, Texas, ambako kila Desemba wenzangu wa kazini wenye asili ya Meksiko huleta tamal, yaani unga wa mahindi uliojazwa nyama au jibini na kupikwa kwa mvuke, kwa dazeni, zikiwa bado zinafuka mvuke ndani ya maganda ya mahindi. Mume wangu anazipenda mno na anaweza kumaliza nne kwa mara moja. Tangu mwaka jana anaishi na kisukari cha aina ya pili pamoja na shinikizo la damu, na sipendi kumnyima chakula cha mahindi alichokizoea tangu utoto. Karibu na kwetu wanauza pia tlacoyo na gordita. Naomba mnisaidie kulinganisha vyakula hivi vitatu kwa upande wa mafuta, protini, nyuzinyuzi na chumvi, kwa sababu vyote vinatokana na masa ileile, yaani unga wa mahindi uliokandwa, na sielewi tofauti yao iko wapi.

Mkaazi wa Puebla

Dada, tofauti kubwa haiko kwenye kijazo, ingawa wengi huuliza kwanza kama ndani mna nguruwe, kuku au jibini. Iko kwenye mafuta yanayokandiwa unga. Nimeishi Puebla, Meksiko, miaka sita na nimejifunza kupika tamal kwa mama mwenye nyumba wangu, kwa hiyo nitakupigia hesabu ya jikoni kwake. Kwa kilo 1 ya masa mbichi yeye hutia gramu 250 za mafuta ya nguruwe, akayapiga mpaka yawe meupe na mepesi, na hupata tamal 20. Kila moja basi ina gramu 12.5 za mafuta hata kabla hujaweka nyama, na kwa kuwa gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, hizo ni kilokalori 112. Masa yenyewe ni gramu 50 kwa kila tamal, karibu nusu yake maji, kwa hiyo mahindi hutoa takriban kilokalori 90 tu. Yaani katika chakula tunachokiita cha mahindi, mafuta ndiyo yanayotoa nguvu nyingi zaidi.

Tlacoyo ni jambo jingine kabisa. Ni donge la masa, mara nyingi ya mahindi ya buluu, linalojazwa maharagwe yaliyopondwa, likafinyangwa umbo la yai refu na kuokwa juu ya comal, kikaango bapa, bila mafuta au kwa mafuta kidogo sana. Juu yake huwekwa vipande vya mpungate uliopikwa, kitunguu, mchuzi wa pilipili na jibini kidogo. Gordita, mkate mdogo mnene wa masa unaojazwa kitoweo, iko katikati: ikiokwa juu ya comal inakaribia tlacoyo, ikitoswa kwenye mafuta inaweza kuizidi tamal. Muulize muuzaji kabla ya kununua.

Lishe Dodoma

Ninafanya kazi ya ushauri wa lishe, na ninakubaliana na hesabu ya Mkaazi. Mafuta ya nguruwe yana takriban asilimia 40 ya mafuta yaliyoshiba, aina inayodhuru moyo ikizidi, kwa hiyo tamal nne za kipimo hicho zinampa mumeo karibu gramu 20. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta hayo yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku nzima, ambayo kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 ni kama gramu 22. Amekaribia mpaka wa siku kabla ya chakula cha jioni.

Hata hivyo, naomba tusiidharau masa, kwa sababu hapa Wameksiko wametuzidi maarifa sisi walaji wa ugali. Mahindi ya masa huchemshwa katika maji ya chokaa ya chakula, yakalazwa humo usiku kucha, kisha yakaoshwa na kusagwa. Chokaa hulegeza ganda na kuifungua niasini (vitamini B3) ambayo katika mahindi ya kawaida imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati vizuri. Mahindi yalipoenea Italia na kusini mwa Marekani bila mbinu hii, maskini walioyategemea waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini; na mwaka 1990 ugonjwa huo uliwapata wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, mgao wao wa mahindi ulipokosa karanga, ambazo zina niasini. Chokaa pia huongeza kalsiamu: gramu 100 za unga mkavu wa masa zina takriban miligramu 140, wakati unga wa mahindi wa kawaida haufiki 10. Hasara yake ni kwamba sehemu ya nyuzinyuzi huondoka pamoja na maganda.

Upungufu ambao chokaa haiuponyi ni wa protini. Mahindi yana kidogo lisini, mojawapo ya viungo vya kujengea protini, na maharagwe yanayo kwa wingi, kwa hiyo tlacoyo ya maharagwe inakamilisha kile ambacho masa peke yake haikiwezi, tena inaleta nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Kwa mwenye kisukari ningeichagua bila kusita. Tamal ya kuku katika mchuzi wa kijani ingefuata, na ya pilipili na jibini ningeiweka nyuma, kwa sababu ya chumvi na mafuta ya jibini.

Abuu Salma

Assalaam alaykum. Nyongeza muhimu kwa Waislamu wenzangu: tamal ya maharagwe au ya jibini haimaanishi kwamba haina nguruwe, kwa maana mafuta yake yamo ndani ya unga wenyewe, na mara nyingi hata maharagwe ya kupondwa hukaangwa nayo. Nyumbani kwetu Houston tunatumia mafuta ya alizeti. Nimesikia wengine wakishauri mafuta ya nazi kana kwamba ni dawa. Je, ni kweli?

Lishe Dodoma

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kwa moyo hapana: mafuta ya nazi yana zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yaliyoshiba, mara mbili ya yale ya nguruwe. Alizeti ni bora.

Mkaazi wa Puebla

Ninapingana kidogo na wazo la kuiweka tamal kando. Mafuta ya nguruwe yaliletwa na Wahispania. Kabla yao tamal zilipikwa bila hayo, na jina lenyewe, tamalli kwa Kinahuatl, lugha ya Waazteki, linahusu kitu kilichofungwa. Mimi hupunguza mafuta hadi nusu na kulainisha masa kwa supu ya kuku isiyotiwa chumvi. Hazichambuki sana, lakini zinaliwa vizuri. Kinachowaumiza watu wa Jiji la Meksiko kila asubuhi ni tamal kutiwa ndani ya mkate mweupe na kusindikizwa na atole, kinywaji kama uji wa mahindi, yenye sukari: wanga juu ya wanga juu ya wanga.

Binti Pangani

Nawashukuru nyote. Nimeamua tlacoyo za maharagwe ziwe chakula chetu cha kila juma, nami nitazioka mwenyewe, na tamal zibaki za Desemba, mbili kwa mlo pamoja na kachumbari. Limebaki suala la chumvi: niipunguze wapi kwanza?

Lishe Dodoma

Kwenye maharagwe na supu, dada. Chemsha maharagwe makavu badala ya kufungua ya kopo, na usitumie vidonge vya supu. Poda ya kuumulia inayotiwa kwenye tamal nayo ina sodiamu, ilhali tlacoyo haiihitaji kabisa. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo hazizidi kijiko kimoja cha chai, na jibini la kunyunyizia juu nalo lihesabiwe humo.