Sevisi ya kulipia mapema, nichukue?

Dada: Shikamooni wakubwa. Naomba ushauri wa haraka. Gari jipya nasaini kesho, ila muuzaji kanikalia kooni nichukue na mpango wa sevisi wa kulipia mapema. Miaka 5 au kilomita 75,000, sevisi 10.

Mjomba: Marahaba. Miaka 5 au kilomita, kitakachotangulia?

Dada: Ndiyo, kitakachotangulia.

Kaka: Chukua. Mimi langu nililipia hivyohivyo na sijuti. Bei za oili zimepanda weee, mimi napeleka gari, nasaini, naondoka.

Mjomba: Wewe mpwa wangu gari lako halilali. Mwaka hauishi umeshakata 30,000. Dada yako je? Unatembea ngapi kwa mwaka?

Dada: Kazini na kurudi, na mizunguko ya wikendi. Kama 9,000 hivi.

Mjomba: Basi miaka 5 itaisha ukiwa na 45,000. Wao wamepanga sevisi kila kilomita 7,500. Utatumia 6, hizo 4 zinabaki kwao. Sasa fungua kitabu cha gari, mtengenezaji mwenyewe anasema ufanye sevisi kila baada ya ngapi?

Dada: Ngoja

Dada: "Kila kilomita 15,000 au miezi 12."

Mjomba: Umeona. Kwa mwendo wako miezi 12 ndiyo itatangulia, kwa hiyo kwa kitabu unahitaji 5 tu, moja kila mwaka. Chukua bei yao ugawe kwa 5, usigawe kwa 10 kama anavyotaka yeye. Halafu ulinganishe na sevisi moja ukilipa taslimu hapohapo kwao.

Dada: Nimegawa. Mjomba, imezidi kwa mbali 😳

Shangazi: Lakini giaboksi likifa si watatengeneza bure? Hapo ndipo pesa ya mtu inapokwenda.

Binamu: Hapana mama. Hiyo ni waranti ya nyongeza, karatasi nyingine kabisa. Huu mpango ni wa matunzo ya kawaida, kikiharibika kitu hauhusiki.

Baba: Gari halijasainiwa mshaliua giaboksi.

Shangazi: 😂😂 Nauliza tu jamani

Binamu: Dada, hiyo karatasi ya mpango ina jedwali? Tuandikie kilichomo.

Dada: Lipo. Pembeni wameandika K ni kagua, B ni badilisha. Oili na filta ya oili B kila sevisi. Matairi kuzungushwa. Filta ya hewa B mara mbili. Filta ya AC B mara mbili. Oili ya breki B mara moja. Pedi za breki K, betri K, mikanda K, maji ya rejeta K, taa K, vaipa K...

Mjomba: Plagi?

Dada: Plagi sizioni.

Mjomba: Huwezi kuziona. Plagi za iridiamu nyingi zinakwenda hadi kilomita 100,000 na zaidi, na oili ya giaboksi nayo kwa kawaida zamu yake huja mpango ukiwa umeshaisha. Kazi za pesa nyingi ziko huko mbele. Humu wamekuwekea oili na filta, na hizo K zote ni kijana mwenye tochi anayefungua boneti na kufunga. Pedi zikiisha atakwambia zimeisha, halafu unalipa.

Kaka: Mjomba naye, kukagua nako ni kazi. Mimi waligundua tairi linaliwa upande mmoja, wakapima alaimenti.

Mjomba: Sijasema ni bure. Nasema asiilipie kana kwamba anabadilishiwa kitu.

Dada: Sasa mbona kaniambia nisipochukua mpango, waranti inakufa?

Binamu: Hapo kakutisha. Kutunza gari kwa ratiba ndiyo sharti, kulipia mapema ni biashara yao. Marekani wana sheria tangu 1975 inayomzuia mtengenezaji kukufungia waranti eti kwa sababu hukufanya sevisi kwake. Nchi nyingine zina utaratibu wake, kwa hiyo soma kitabu cha waranti chenyewe, usisome mdomo wa muuzaji. Popote utakapofanya, weka oili ya gredi iliyoandikwa, tunza risiti, na risiti iwe na tarehe na kilomita.

Mama: Na hiyo hela ya mpango unaitoa wapi wewe?

Dada: Anasema ataiingiza kwenye mkopo wa gari mama, kwa mwezi haionekani.

Mama: Haionekani kwake.

Mjomba: Mkopo una riba. Oili ya mwaka wa 4 utaanza kuilipia riba mwezi ujao. Kama ni lazima, lipa nje ya mkopo.

Binamu: Muulize na haya: ukiuza gari, mpango unahamia kwa mnunuzi? Likiibiwa au likipata ajali lisitengenezeke, wanarudisha za sevisi zilizobaki? Na nani anayesimamia, kampuni iliyotengeneza gari au yeye muuzaji? Kama ni yeye peke yake, siku akifunga duka umebaki na karatasi.

Kaka: Hilo la mwisho ni kweli. Langu ni la mtengenezaji, tawi lolote wananipokea.

Dada: Nimempigia. Kuhamisha hairuhusiwi. Kurudisha, "inategemea". Nimemwambia basi sichukui, hapohapo kaja na wa sevisi 5 na bei kapunguza.

Baba: Eeh!

Kaka: Huo sasa unaongeleka.

Mjomba: Unaongeleka ukiwa chini ya sevisi 5 za taslimu. Umepungua?

Dada: Kidogo sana. Na anasema bei hiyo mwisho leo.

Mjomba: Saini gari tu. Wengi huruhusu ununue mpango hata baadaye kabla ya sevisi ya kwanza, mwambie akuandikie kama na yeye anaruhusu. Halafu nitumie picha ya ukurasa wa ratiba wa kitabu, nikuwekee alama penye plagi na oili ya giaboksi, ujue za kuweka akiba ni zipi.